Vanishi Iling'aa kwa Video, Ikabanduka Ziwani

Kuna video yangu moja ya sekunde arobaini na kitu, na wengi wenu ndiyo iliwaleta hapa. Kasia limelala juu ya matofali, jua la jioni liko nyuma yake, napitisha brashi mara moja na mbao inatoka rangi ya vumbi inaingia rangi ya asali. Siongei. Ni muziki tu na ile sauti ya brashi. Hakuna kitu nimewahi kuweka kikatazamwa kama hiyo, na mpaka wiki iliyopita bado watu walikuwa wananiuliza nilipaka nini.

Nilipaka vanishi. Usipake.

Wacha nieleze, juu hii stori imenigharimu doh, imenigharimu mteja, na nusura ichome stoo ya familia.

Baada ya hiyo video kutembea, mwenye nyumba ya wageni upande wa Dunga, kule Kisumu, alinipigia. Alitaka makasia manane ya maboti yake ya kutembeza wageni. Alitaka yafanane, na yang'ae vile vile. Hapa Asembo Bay tuna fundi wa maboti ambaye mkono wake hauna maneno, kwa hivyo tulikubaliana yeye achonge kwa saiprasi, mimi nimalizie na kupeleka. Nilitumiwa malipo ya kwanza kwa simu. Ujue nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, na nyumbani kila mtu alikuwa ananiangalia kama abiria aliyeshuka gari kabla ya steji. Hiyo pesa ilipoingia nilimwonyesha mamangu ujumbe wa simu, nikajifanya naona ni kitu cha kawaida.

Nilipaka vanishi mikono mitatu. Yalitoka moto. Nikayapiga picha yakiwa yamepangwa kwa ukuta, nikayapeleka, nikalipwa kila kitu.

Baada ya miezi miwili na siku kadhaa nikapigiwa simu nyingine. Sita kati ya nane yalirudi na matatu, yamefungwa ndani ya gunia. Nililifungua pale barabarani. Bapa la kasia, ile sehemu pana inayoingia majini, lilikuwa na madoa meupe kama ngozi ya mtu mwenye mba. Vanishi ilikuwa imejikunja kwa kingo, ukiivuta na ukucha inatoka kipande kizima. Chini yake mbao imegeuka kijivu na imepasuka nyufa ndogo. Mwenyewe alikuwa ameniandikia kwamba wageni wawili walipata malengelenge mikononi, na anataka nusu ya pesa yake. Pesa yenyewe ilikuwa imeshaenda kwa taa ya kurekodia.

Nikasoma sana usiku huo. Nyingi ya makosa yalikuwa yangu. Mbao haikuwa imekauka vizuri ndani. Sikuziba ncha. Nilipaka mkono wa pili kabla wa kwanza haujashika. Lakini hata kama ningefanya kila kitu sawa, vanishi ya ndani ya nyumba haikutengenezwa kwa maisha ya kasia. Fikiria ile protekta ya simu. Siku ya kwanza iko safi, hata huioni. Halafu pembe moja inainuka kidogo, vumbi linaingia, na kuanzia hapo haiwezi kurudi. Vanishi inakaa juu ya mbao namna hiyo. Kasia linagongwa kwa mbavu ya boti kila siku. Mkwaruzo mmoja tu na maji yanaingia chini, mbao inavimba, lakini ile ganda ngumu ya juu haivimbi nayo, kwa hivyo inaachia. Kisha ongeza jua. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, na ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Jua hupenya vanishi isiyo na rangi na kuunguza mbao iliyo chini, kile kitu kinachoshikanisha nyuzi zake kinavunjika, na vanishi inabaki imeshikilia vumbi. Kuna vanishi za mashua zenye dawa ya kukinga jua, laini kidogo ili zinyumbuke na mbao. Hata hizo zinataka kupakwa upya mara kwa mara, na hapa kwetu si kitu unakuta kwa kila hadiwea.

Kwara alinikuta nimekaa na hayo makasia. Kwara ni babu yangu, mzaa baba. Sasa ana miaka inayotosha kutofanya chochote lakini bado anaenda kukagua boti yake asubuhi kama ana mkutano nayo. Aliinua kasia moja, akakuna vanishi na kidole gumba, akanusa.

"Nyakwara, hii umeivisha koti la mvua lenye matundu," akasema. "Maji yakishaingia hayapati njia ya kutoka."

Halafu akaanza kunieleza mambo ya bunduki.

Nilikuwa najua Kwara alikuwa askari wa utawala miaka ya sabini, kule Turkana. Sikuwa najua ana mawazo mengi hivyo kuhusu mbao. Bunduki aliyobeba ilikuwa ile waliyoita Mark 4, yaani Lee-Enfield ya risasi za .303. Waingereza walianza kutumia familia hiyo ya bunduki mwaka 1895, hii Namba 4 ikaja wakati wa Vita vya Pili, na Waingereza walipoondoka bunduki zilibaki. Google picha yake. Karibu urefu wote ni mbao: kitako kinachokaa begani, mshiko, na mbao nyingine inayofunika mtutu karibu mpaka mwisho. Nyingine zilikuwa za mti wa jozi, nyingine za miti ya bei rahisi zaidi juu vita vilimaliza jozi.

Mimi nilidhani hiyo mbao ni urembo tu na mahali pa kushika. Kwara akacheka. Akasema mbao ikinywa maji inavimba, ikivimba inasukuma mtutu, na mtutu ukisukumwa kidogo tu risasi haiendi mahali macho yameelekea. Nimeisoma baadaye na iko hivyo kabisa, walenga shabaha wa Lee-Enfield wamesumbuka na jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia. Sasa wafikirie askari wa King's African Rifles waliopelekwa Burma mwaka 1944, wakapita Bonde la Kabaw kwenye mvua za masika, bunduki zao zikilowa mchana na usiku. Hao hawakuwa na vanishi. Walikuwa na mafuta ya kitani.

Mafuta ya kitani yanakamuliwa kutoka kwa mbegu za mmea uleule unaotoa nyuzi za kitani. Hadiwea ukisema "kitani" watakuangalia tu, sema linsidi. Mafuta haya hayakauki kama maji yanavyokauka. Hayaendi hewani. Yanavuta oksijeni kutoka hewani, yanajishikanisha yenyewe kwa yenyewe, na polepole yanageuka kutoka mafuta kuwa kitu kigumu ndani ya nyuzi za mbao. Ndani, si juu. Hapo ndipo tofauti yote iko. Hakuna ganda la kubanduka.

Kambini kwao, Kwara anasema, sajini alikuwa anapitisha kiganja kwenye kitako siku ya ukaguzi. Hakuangalia sana kama kinang'aa. Alitaka kusikia kama ni kikavu. Kikiwa kikavu unajua shughuli yako ya Jumamosi. Unamimina mafuta kidogo kiganjani, unasugua mbao kwa mkono mtupu mpaka kiganja kinapata moto, unasubiri, unafuta yote yaliyobaki juu. Kuna ile kanuni ya zamani ya mafuta, yeye aliijua bila kuisoma mahali: mara moja kwa siku wiki nzima, mara moja kwa wiki mwezi mzima, mara moja kwa mwezi mwaka mzima, halafu mara moja kila mwaka maisha yako yote.

Nikamwuliza mbona AK zinang'aa basi. Zile za zamani zina mbao rangi ya chungwa. Akasema hiyo ni vanishi, na yeye ameona za kutosha zikiwa na upele. Mzee ana maoni yake. Ukweli ni kwamba mbao ya AK nyingi ni tabaka nyembamba zilizogandishwa na gundi, haivimbi kama mbao nzima, kwa hivyo vanishi inapata nafasi ya kuishi. Sikubishana naye.

Wacha niseme na hizi dawa nyingine mnazonitumia kila siku. Oili chafu ya injini: hapana. Haikauki milele, inaingia kwa mikono na kwa nguo ya mgeni, na kila ukipiga kasia unaliacha ziwa na rangi ya upinde wa mvua. Samaki mnakula nyinyi. Mafuta ya kupikia: hayagandi, yanaanza kunuka. Nilijaribu kwa kipande cha mbao, siafu walishukuru. Sifa, yale mafuta ya papa ambayo kule Lamu wamepaka majahazi toka zamani: inafanya kazi, lakini papa hatuna, na ile harufu mgeni wa Dunga hatailipia.

Kwa hivyo nilienda Kibuye, nikanunua linsidi. Hapa kuna jambo la kuangalia. Ziko mbili. Moja mbichi, ambayo inaweza kuchukua wiki na zaidi kukauka mkono mmoja. Nyingine inaitwa iliyochemshwa, inakauka kwa siku moja hivi. Jina linadanganya. Kwa kawaida haijachemshwa, imeongezwa chumvi za madini za kuharakisha. Tafadhali usiende nyumbani ukaweka ile mbichi kwa jiko.

Nilikwangua vanishi yote siku mbili, kwanza na kipande cha glasi kama fundi alivyonionyesha, halafu msasa wa kukwaruza, halafu msasa laini. Nikayaacha makasia kivulini wiki mbili yakauke kabisa. Hiyo ni wiki mbili bila video. Kwa hii kazi yetu wiki mbili ni kifo, lakini mbao haijui algorithimu.

Mkono wa kwanza nilichanganya mafuta nusu na tapentaini nusu, ili yaingie ndani. Kasia la kwanza lilikunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Ukitaka kuona maajabu angalia ncha, mahali nyuzi zimekatwa. Pale kila uzi ni mrija ulio wazi. Unapaka, unageuka kuchukua kitambaa, ukirudi ni pakavu. Unapaka tena. Maji yanaingilia hapo hapo, kwa hivyo ukichoka mahali pengine, usichoke kwa ncha. Baada ya dakika ishirini hivi nilifuta kila kitu kilichobaki juu, juu mafuta yakiachwa mazito yanageuka gundi isiyokauka na kila nzi wa Rarieda anakuja kukaa.

Nilitumia matambara mengi. Fulana za zamani. Kwara alipita akaniambia, "Hayo matambara anika kwa waya." Nikasema ndiyo Kwara. Nikafikiri ni ile tabia ya askari ya kutaka kila kitu kimepangwa. Nikayakunja vizuri, nikayasukuma ndani ya katoni, nikaweka katoni kwa stoo. Stoo yetu ni mabati juu mpaka chini, na ndani kulikuwa na nyavu za mjomba. Nikafunga, nikaenda kula.

Alasiri mama mmoja jirani alikuwa anageuza omena zake juani. Yeye ndiye aliona moshi unatoka chini ya mabati. Nilisikia jina langu likiitwa vile linaitwaga msibani. Nikafungua mlango na katoni ilikuwa inawaka, hakuna mtu aliyeleta kiberiti, hakuna waya wa stima mle ndani. Tulimwaga ndoo tano au sita. Katoni iliisha. Upande wa wavu mmoja uliyeyuka ukawa donge jeusi. Kama yule mama angekuwa ameshaanua omena zake na kwenda, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Kumbuka nimesema mafuta yanavuta oksijeni ndio yagande. Hiyo shughuli inatoa joto. Kwa mbao joto linapotea hewani, hulisikii. Kwa tambara lililokunjwa ndani ya katoni, ndani ya nyumba ya mabati saa saba mchana, joto halina pa kwenda. Linaongezeka, likiongezeka shughuli inaenda kasi, mpaka tambara linawaka lenyewe. Mimi nilifanya kemia chuoni, na hii sikuwa naijua. Kwara aliijua kama amri ya kambi, wao walianika matambara kwa waya wa ua, moja moja, na hakuna aliyewaeleza kwa nini. Mkopo wa mtandao haukutosha, nimelipa wavu kwa awamu, na mjomba bado ananisalimia kwa kifupi.

Kwa hivyo, kama utachukua kitu kimoja kutoka hapa: tambara la linsidi, au la mafuta yoyote ya kupaka mbao, litandaze nje mpaka liwe gumu kama karatasi, au litumbukize kwenye debe la maji. Sikuweka hii kwa video yoyote. Ile video iliyowaleta hapa haina tambara hata moja, juu brashi inapendeza zaidi.

Sasa, mimi na Kwara hatukukubaliana mwisho wa hadithi. Yeye anaamini linsidi inatosha. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba mafuta haya peke yake hayazuii maji vizuri, yanayachelewesha tu, na bunduki hailali ziwani lakini kasia linaishi humo. Tukaamua kujaribu. Fundi alinipa vipande vitatu vya saiprasi kutoka ubao mmoja. Kimoja sikupaka kitu. Kimoja nilipaka linsidi tu, mikono mitano. Cha tatu nilipaka mchanganyiko: sehemu moja linsidi, sehemu moja vanishi ya mashua niliyoagiza kutoka Mombasa, sehemu moja tapentaini, napaka na kufuta, napaka na kufuta, mikono mitano pia. Tukavipima kwa mzani wa samaki pale ufukweni, tukavifunga kwa kamba, tukaviacha majini usiku mzima.

Asubuhi wazee wa ufuo walikuwa wamejaa pale kama ni mbuta wa kilo mia. Kipande kitupu mshale ulisogea sana. Cha linsidi ulisogea, si sana, lakini ulisogea. Cha mchanganyiko ilibidi tuinamishe vichwa ndio tukubaliane kama umesogea. Kwara aliangalia, akasema mzani umechoka. Basi.

Makasia sita nikayafanya hivi: bapa na ncha zote mchanganyiko, mikono sita, siku mbili kati ya mkono na mkono. Mshiko, mahali kiganja kinakaa, linsidi tupu kwa njia ya Kwara, kusugua mpaka joto. Hapo Kwara alikuwa sahihi asilimia zote. Vanishi kavu ni laini kama kioo, mkono ukilowa unateleza, unakaza zaidi, ngozi inachubuka. Ndiyo hayo malengelenge ya wageni. Mbao yenye mafuta inashika mkono. Na jambo lingine, likichakaa hukwangui chochote. Msasa mwepesi, mafuta, futa, kesho linaenda majini.

Hayang'ai. Wacha nisiwadanganye. Nilijaribu kuyarekodi jioni ile ile, matofali yale yale, jua lile lile, na kwa kamera yanaonekana kama makasia tu. Mbao ya hudhurungi, imetulia. Ile video niliiweka hata hivyo na nyinyi mliipita. Nimeona namba, msinibembeleze.

Niliyapeleka Dunga mwenyewe. Mwenye nyumba alichukua moja, akalishika muda mrefu bila kusema, akauliza mbona halina ile shaini. Nikamweleza yote, mpaka moto. Alichukua manne. Mawili alisema hapana, na pesa tulikatana nusu ya nusu. Nikamwachia chupa ndogo ya linsidi na fulana, nikamwandikia kwa karatasi kuhusu matambara, kwa herufi kubwa.

Hayo mawili yako kwa boti ya Kwara sasa. Ile kasia yake ya mvule, ambayo ni nyeusi kama sufuria na haijawahi kuonja dukani, ameipumzisha nyuma ya mlango. Jumamosi iliyopita nilimkuta amekaa nje na moja ya hayo mapya magotini, anasugua bapa kwa kiganja. Linsidi tupu, juu ya mchanganyiko wangu. Nikamwambia Kwara, pale haihitaji. Akaniambia nianike tambara.